Sakafu ya Gari Lililoletwa Kufungwa Hita

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, jijini Mwanza, Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, kuanzia saa nane na robo mchana.

Jina: Suhaib Iqbal Rajabu
Umri: Miaka 71
Kabila: Mmanyema
Dini: Mwislamu
Kazi: Mwalimu mstaafu wa ufundi wa chuma, mwenye gereji, Igoma
Makazi: Mirongo, Wilaya ya Nyamagana

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Nilifundisha ufundi wa bati na chuma katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, kisha nikafungua gereji ndogo Igoma, kando ya barabara ya Musoma. Ninafanya kazi na fundi mmoja, Obedi Luhende, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Nimemwomba afisa anayeandika asinipunguzie wala asiniongezee neno, naye amekubali. Niliyoyaona nitasema kwamba niliyaona, na niliyoambiwa nitasema kwamba niliambiwa.

Mnamo tarehe 12 Agosti 2025, majira ya saa tatu asubuhi, nikiwa gerejini pamoja na Obedi, liliingia gari aina ya Land Cruiser. Lilikuwa na rangi ya kijani iliyokolea, mkonga wa kuvutia hewa ubavuni, na hema la kukunja lililofungwa juu ya paa. Dereva alikuwa peke yake. Ni mtu wa makamo, mwenyeji wa Rorya, anaitwa Okech. Sikuwa ninamfahamu. Alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," nikamwitikia, akatoa boksi kwenye kiti cha nyuma.

"Nazungushwa na boksi hili tangu jana," alisema. "Fundi wa mjini niliyeagizwa kwake ameligeuza huku na huku, mwisho akaniambia labda ni jiko. Watu wakanielekeza kwako, kwamba ulishawahi kufunga moja kwenye gari la watalii."

Nililifungua boksi. Ndani palikuwa na hita ya dizeli, yaani kifaa kinachochoma dizeli kidogo kidogo na kupuliza hewa ya moto ndani ya gari wakati injini imezimwa. Ni kweli kwamba nimewahi kufunga moja.

Obedi alimwuliza, "Joto la nini Mwanza hii? Mjaluo wa ziwani umeanza lini kusikia baridi?"

Okech akacheka. "Si mimi, ni bosi. Kanunua shamba la viazi huko Makete. Anasema alilala garini, kulipokucha meno yanagongana yenyewe kama mtu anatafuna karanga. Akasema hatalala tena kule bila moto."

Sikumwuliza bosi wake ni nani. Kwangu ilikuwa kazi kama kazi nyingine, na aliniambia niandike jina lake yeye.

Karatasi ya maelekezo ya hita ilikuwa kwa Kiingereza. Mimi nilisoma kwa sauti na Obedi akatenda, kama tulivyozoea. Jambo la kwanza ni kutenganisha betri. Obedi aliitoa kabisa, akaiweka juu ya benchi. Jambo la pili ni mahali pa kuifunga. Kwa gari hilo panapofaa ni chini ya kiti cha abiria cha mbele, upande wa kushoto. Pale hita hukaa juu ya sakafu, na sakafu hutobolewa ili bomba la moshi, bomba la hewa na mrija wa dizeli vipite kwenda chini ya gari.

Nilimwambia Obedi afungue kiti, kisha afunue zulia lote la upande ule mpaka sakafu ya chuma ionekane. Zulia lilikuwa jipya, limegandishwa kwa gundi.

Obedi alisema, "Mwalimu, tukate juu yake tu. Nani atakuja kulifunua?"

Nilimjibu, "Atakuja kulifunua mtu anayetafuta kilichowaua watu waliolala humu."

Nilisema hivyo kwa sababu ya moshi. Hita ikikalishwa juu ya zulia hukaa ikiyumba, viungo vyake hulegea, na moshi hurudi ndani. Moshi huo hauonekani wala haunuki sana, na mtu aliyelala haamki. Hita lazima ikae juu ya chuma kitupu, tena chuma kizima kisichooza. Sikuwa na maana nyingine.

Obedi alilivuta zulia. Chini yake palikuwa na gunia gumu la kuzuia sauti, la zamani, lenye harufu ya samaki. Alipolitoa, alipangusa chuma kwa kitambaa. Kisha akasema, "Mwalimu, njoo utazame."

Niliinama. Katika sakafu, mahali ambapo tungetoboa, palikuwa na kiraka. Kilikuwa nusu ya sinia la chuma lenye rangi ya kung'aa: ukingo wa bluu, maua mekundu katikati, na jani moja la kijani lililokatwa mahali sinia lilipokatwa. Kiraka kilishikwa kwa ribiti tisa, yaani misumari ya kubania bati. Nane zilikuwa za aluminiamu, na ya tisa, iliyo karibu na mlango, ilikuwa ya shaba.

Kiraka hicho nilikiweka mimi.

Afisa ameniuliza kama nina hakika. Ninayo. Sasa nitaeleza sababu.

Mwanangu wa kwanza anaitwa Iqbal Suhaib, amepewa jina la babu yake. Alikuwa dereva wa mfanyabiashara aitwaye Chenge, ambaye hununua mabondo, yaani vibofu vya sangara vinavyokaushwa na kuuzwa nje ya nchi. Iqbal aliendesha Land Cruiser nyeupe ya Chenge, akizunguka mialo ya wavuvi ya Sengerema na kurudi mjini. Mwezi Desemba mwaka 2018, siku ya Jumapili, alilileta gari hilo nyumbani Mirongo. Maji ya chumvi yaliyodondoka kutoka kwenye mizigo yalikuwa yameila sakafu chini ya kiti cha abiria, hata barabara ilionekana.

"Baba, bosi hana habari na sakafu," aliniambia. "Kesho nabeba mtu hapa. Mguu wake utagusa lami."

Maduka ya bati yalikuwa yamefungwa. Nilitafuta chuma nyumbani nikakosa. Mke wangu, Shamsa, alikuwa na sinia kubwa tulilopewa siku ya harusi yetu. Lilikuwa limeanza kutoboka ukingoni, nalo limeegemezwa ukutani bila kazi. Nililikata katikati. Ribiti za aluminiamu ziliniishia, nikamalizia kwa ya shaba niliyoikuta mfukoni.

Shamsa alipotoka ndani alisema, "Suhaib! Umelikata sinia la harusi yangu?"

Nilimwambia kwamba lilikuwa linavuja.

"Hata wewe unavuja," akasema, "mbona mimi sijakukata?"

Iqbal alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake aliichukua nusu iliyobaki, akafunikia pipa la maji ya kunywa. Alisema nitakuwa ninaliona kila nikienda kunywa, ili nisisahau. Nusu hiyo iko juu ya pipa hadi hii leo.

Mnamo Jumapili tarehe 3 Machi 2019 asubuhi, Iqbal aliondoka nyumbani na gari hilo kwenda kupanda kivuko cha Kigongo. Alisema angerudi kabla ya magharibi. Hakurudi. Jioni ya siku ya pili Chenge alikuja nyumbani kwangu na kusema, mbele ya majirani, kwamba Iqbal ametoroka na gari pamoja na mzigo wa mabondo, na kwamba ameonekana mpakani. Alifungua shauri la wizi. Mimi nilihojiwa, na mke wangu alihojiwa. Nyumba ilipekuliwa. Sikulalamika, kwa kuwa kila mtu alikuwa anafanya kazi yake.

Tangu siku hiyo mwanangu anaitwa mwizi. Binti yangu, Yasmin, alivunjiwa uchumba kwa sababu hiyo. Mimi na mke wangu hatukupata simu, wala salamu, wala mtu aliyemwona. Kila aliyekuja kutuhakikishia kwamba Iqbal anaishi vizuri huko ng'ambo alidhani anatufariji.

Narudi kwenye gari.

Obedi alikitambua kiraka kabla sijasema neno. Hakuwapo nilipokata sinia, lakini alikula pilau juu yake nyumbani kwangu kila Idi alipokuwa mwanafunzi. Alinitazama. Nilimfanyia ishara anyamaze. Nilipitisha vidole juu ya ribiti moja baada ya nyingine. Nilizihesabu, kisha nikarudia.

Okech alikuwa anakunywa chai mlangoni. Alisema, "Mwalimu, mbona unaipapasa sakafu kama unampima mtoto homa?"

Nilimwuliza, "Gari hili bosi wako alilinunua lini?"

"Kulinunua? La kwake siku zote. Mimi nimeanza kazi kwake mwaka 2021, nikalikuta limelala shambani Sengerema chini ya turubai. Hataki liguswe. Juzi juzi ndiyo kaliamsha, kapiga rangi, kafunga hema, na namba mpya."

Nilimwuliza kama lilikuwa likilala ndani ya banda.

"Banda gani, Mwalimu! Bati nne juu ya nguzo. Ila chini kamwaga zege, tena zege la maana, utadhani anapandisha ghorofa. Mlinzi analala nyumba ya udongo, gari linalala juu ya zege. Tunamtania mlinzi kwamba afadhali angezaliwa gari."

Nilimwomba anieleze zege hilo ni kubwa kiasi gani. Nilimwomba taratibu, kama ninavyozungumza sasa.

Alipima kwa mikono. "Dogo tu. Halifiki kwenye magurudumu. Magurudumu yanakaa udongoni, zege liko katikati, chini ya tumbo la gari."

Nimefundisha ufundi kwa miaka mingi. Zege la kuegeshea gari huwekwa mahali magurudumu yanapokanyaga.

Obedi aliweka spana chini. Okech alimtazama Obedi, akanitazama mimi, na kicheko kikamtoka usoni. Aliuliza kama amesema vibaya. Nilimwuliza jina la bosi wake.

"Mzee Chenge," alisema. "Wa mabondo."

Nilikaa juu ya kiti cha gari kilichotolewa, ambacho kilikuwa chini hapo sakafuni. Sijui nilikaa kwa muda gani, na sitataja muda nisioujua. Ninakumbuka kwamba maandishi yaliyo juu ya boksi la hita nilikuwa ninayaona, lakini sikuweza kuyasoma.

Baadaye simu ya Okech iliita. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya maandazi, akabonyeza sauti ya wazi na kuiweka simu juu ya boneti. Nilisikia yote. Sauti ya Chenge ninaifahamu.

"Umefikia wapi?"

"Wamefungua kiti, bosi. Yule wa mjini alishindwa. Niko Igoma."

"Igoma kwa nani?"

"Kwa Mwalimu Suhaib."

 Kisha Chenge akasema, "Mwambie arudishe kiti. Toa gari hapo sasa hivi. Usimjibu swali lolote, umenisikia? Hita achana nayo."

Nilisimama, nikaisogelea simu. Nilisema, "Chenge, ni mimi, baba yake Iqbal. Mwanangu yuko wapi?"

Simu ilikatwa.

Okech alisema, "Iqbal ni nani?" Obedi ndiye aliyemweleza, kwa maneno machache. Mimi sikuweza. Okech alisikiliza huku ameshika kikombe, kisha akakiweka chini na kwenda kusimama nyuma ya gereji, amegeukia ukuta. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Mwalimu," alisema, "mimi juu ya zege lile nimekaa nikala ugali. Tangu gari litolewe pale, kila mchana. Kuna kivuli kizuri."



Simu yake iliita tena, na tena. Hakuipokea. Alisema kwamba ana watoto wanne Rorya na kwamba kazi hiyo ndiyo inayowalisha. Nilimwambia kwamba ninajua, na kwamba sitamlazimisha. Betri ilikuwa juu ya benchi langu. Nilimwambia kwamba akiitaka nitamrudishia, kwa sababu gari si langu wala si lake, lakini nikamwomba kwanza anitazame usoni. Alinitazama. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kiganjani mwangu na kukifunga kiganja kwa mikono yake miwili.

Alisema, "Gari hili mimi siliwashi tena, Mwalimu. Waite polisi."

Niliwapigia. Askari wawili walifika, wakakipiga picha kiraka, wakachukua ufunguo kutoka kwangu, na gari likavutwa hadi kituoni. Okech alipanda nao kwa hiari yake. Hita haikufungwa. Imebaki gerejini ndani ya boksi lake, na hakuna tundu lolote lililotobolewa katika sakafu ile. Ninalisema hili ili asije mtu akadai kwamba tumeiharibu. Obedi nilimruhusu aende nyumbani, maana hakuwa katika hali ya kufanya kazi.

Sijamwona Chenge leo. Sikumwona mtu akimdhuru mwanangu, wala sisemi kwamba nilimwona. Ninasema mambo matatu tu. Gari lililodaiwa kuibwa na Iqbal ni hili. Muda wote huo mwenye kudai aliibiwa alikuwa nalo shambani kwake, kama nilivyoambiwa na dereva wake. Na chini ya gari hilo palimwagwa zege mahali pasipohitaji zege.

Ninaomba zege hilo livunjwe. Ninaomba niwepo litakapovunjwa. Nikiambiwa kwamba umri wangu hauruhusu, nitakaa pembeni, lakini niwepo. Kama hakuna kitu chini yake, nitamwomba Chenge radhi mbele ya majirani wale wale.

Afisa ameniambia kwamba nusu ya pili ya sinia inahitajika kwa kulinganishwa. Nimekubali kuitoa. Ninaomba nikaichukue mimi mwenyewe, asitangulie askari. Mke wangu bado hajui lolote. Nilimpigia simu mchana, nikamwambia kwamba kazi imekuwa nyingi, na hilo ndilo neno pekee lisilo la kweli nililolisema leo. Nitakapoliondoa sinia juu ya pipa ataniuliza ninalipeleka wapi. Tangu saa nne asubuhi ninalitafuta jibu, na sijalipata.

Sina la kuongeza. Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, nami nitayarudia mbele ya mahakama yoyote bila kubadili. Nimesomewa, nimeona yako sawa, isipokuwa mahali pawili palipokosewa, ambapo nimesahihisha na kutia saini pembeni.

Sahihi ya shahidi: S. I. Rajabu

UTHIBITISHO WA AFISA

Mimi, Koplo Favour Okomo, nimeandika maelezo haya kutoka kinywani mwa shahidi, kwa usahihi na uaminifu, na nimemsomea yote kabla hajasaini. Yamekamilika saa kumi na dakika ishirini jioni. Shahidi alikataa kiti chenye mto na kukataa maji aliyopewa.

Nyongeza, siku hiyo hiyo:

Nilimsindikiza shahidi hadi nyumbani kwake Mirongo. Tulimkuta mke wake, Bi. Shamsa, amesimama mlangoni. Nusu ya sinia ilikuwa mikononi mwake, imekwisha kuoshwa na kufutwa. Alisema hakuna mtu aliyemwambia jambo. Alisema kwamba Obedi alipita kumsalimia, akaomba maji, akaenda kwenye pipa, akalishika sinia, na hakuweza kuliinua. Aliondoka bila kunywa.

Alinikabidhi kipande hicho mbele ya mume wake, na wote wawili wakaja nacho kituoni. Kimewekwa kando ya kiraka kilicho katika sakafu ya gari. Ukingo umefuatana na ukingo, na jani lililokatwa limekamilika. Picha zimepigwa.

Bi. Shamsa hakuulizwa swali lolote. Yeye ndiye aliyeuliza, na ninaliandika alivyolisema: "Gari limerudi. Na mwenyewe je?"

 Shahidi alivua kofia yake, akamshika mkono.

Ombi la kwenda kuvunja zege shambani Sengerema limepelekwa kwa mkuu wa upelelezi. Gari la kutupeleka litaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nimeagizwa kuacha nafasi mbili, ya shahidi na ya mke wake.

F. Okomo, Koplo